Muziki Unaochezeka Si Muziki Mdogo

Mwaka 1962, mjini Memphis huko Marekani, wapigaji wanne katika studio ya Stax walijikuta hawana la kufanya. Walikuwa wameitwa kumsindikiza mwimbaji, kazi ya mwimbaji ikakwama, nao badala ya kufunga vyombo wakaanza kujipigia. Kwenye kinanda alikaa Booker T. Jones, kijana wa miaka 17. Steve Cropper alishika gitaa, Lewie Steinberg besi, Al Jackson dramu. Walichokirekodi ni "Green Onions", kipande kisicho na neno hata moja, kisichofika dakika tatu, kilichokusudiwa kujaza upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio waliigeuza santuri ile. Kabla mwaka haujaisha, kipande hicho kilikuwa kimefika nafasi ya tatu katika chati kuu ya Marekani.

Kisikilize leo. Besi inarudia hatua zilezile chache. Kinanda kinasema jambo lake, kinanyamaza, kinasema tena. Gitaa linaingia kwa ukali, halikai sana, linaondoka. Hakuna anayekimbia, hakuna anayemziba mwenzake mdomo. Na wewe unayesikiliza, hata kama ulikuwa na shughuli zako, kichwa kimeshaanza kutikisika na mguu unagonga sakafu kabla hujauruhusu.

Uwezo huo wa kumtoa mtu kitini ndio ninaotaka kuutetea. Kwa miaka mingi waandishi wa muziki wameuhesabu kuwa sifa ya chini. Muziki wa kusikilizwa kwa utulivu hupewa heshima ya sanaa, na ule wa kuchezwa huitwa burudani. Mgawanyo huo ni wa uongo. Ushahidi wangu ni muziki wa kinanda cha umeme wa miaka ya 60, pale jazi, bluzi, nyimbo za kanisani na roki zilipokutana juu ya chombo kimoja. Katika muziki huo, akili ya mpigaji ilikaa ndani ya mdundo wenyewe. Ukiuondoa mdundo, huna tena cha kuchambua.

Tuanze na chombo. Laurens Hammond wa Chicago alikuwa mhandisi na mtengenezaji wa saa za umeme. Saa zake ziliendeshwa na mota inayozunguka kwa kasi isiyobadilika, na mota ya aina hiyo ndiyo aliyoitumia kuzungusha magurudumu madogo ya chuma yenye meno. Kila gurudumu huzunguka mbele ya sumaku iliyoviringishiwa waya, na meno yake huzalisha mawimbi ya umeme ambayo spika huyageuza kuwa sauti. Alipata hataza mwaka 1934, na mwaka uliofuata kinanda kikaingia sokoni. Miongoni mwa wanunuzi aliowalenga yalikuwamo makanisa yasiyo na fedha za kinanda kikubwa cha mabomba. Makanisa ya Wamarekani Weusi yalikipokea kwa mikono miwili, na humo ndimo kilimojifunza kulia, kushangilia na kumjibu mhubiri.

Kinanda kilichokuja kuwa mfalme, B-3, kilitoka katikati ya miaka ya 50. Kina safu mbili za vibonye, kanyagio 25 za besi, na vishikio vya kuvuta ambavyo mpigaji hutumia kuchanganya sauti atakavyo. Pamoja na benchi na kanyagio zake kina uzito wa karibu kilo 190. Bendi iliyokimiliki ilihitaji gari la mizigo na wabebaji wenye migongo imara.

Mambo mawili yanayokipa kinanda hiki ladha yake hayakutakiwa na mwenye kiwanda. La kwanza ni mlio mfupi unaosikika kidole kinapogusa kibonye. Wahandisi waliuona kuwa kasoro. Wapigaji wa jazi waliusikia kama mguso wa ngoma mwanzoni mwa kila sauti, wakautaka. La pili ni spika ya Donald Leslie, yenye sehemu zinazozunguka na kuifanya sauti itetemeke, ijongee na kurudi. Hammond hakuipenda na hakutaka vinanda vyake viuzwe nayo. Wapigaji waliinunua hata hivyo. Chombo kilibuniwa na mhandisi, lakini sauti tunayoipenda ilichaguliwa na watu waliokuwa wakiwapigia waumini waliosimama na wanywaji waliokuwa wakicheza.

Kuna jambo jingine la kiufundi, na ndilo linalobeba hoja yangu. Piano ukiigonga kwa nguvu hulia kwa nguvu, kisha sauti hufifia yenyewe. Kinanda cha Hammond hakijui nguvu ya kidole. Ukigusa polepole au ukigonga kwa hasira, sauti ni ileile, na haifi mpaka uinue mkono. Kukuza na kupunguza sauti ni kazi ya mguu wa kulia. Kwa hiyo mpigaji amenyang'anywa njia ambayo mpiga piano huitegemea kutia mkazo. Amebakiwa na wakati: lini aguse, na zaidi ya hapo, lini aachie. Sauti ikikatwa upesi, inaruka. Ikicheleweshwa kidogo, inavuta. Ikishikiliwa mapigo manne, manane, kumi na sita, ukumbi mzima unaanza kuomba iachiwe. Mdundo wa kinanda hujengwa kwa kuondoka kama unavyojengwa kwa kufika. Anayeona kwamba hiyo ni kazi nyepesi ajaribu.

Aliyeonyesha upana wa jambo hili ni Jimmy Smith, mzaliwa wa Norristown, karibu na Philadelphia. Wild Bill Davis alikuwa amemtangulia kukiingiza kinanda katika jazi, na Smith, aliyekuwa mpiga piano, alijifungia na kinanda chake ghalani akafanya mazoezi hadi akapata njia yake mwenyewe. Mwaka 1956 alianza kurekodi na Blue Note. Mkono wake wa kushoto ulipiga besi inayotembea, mguu wa kushoto ukigusa kanyagio kuipa besi hiyo kishindo, mguu wa kulia ukiongoza sauti, na mkono wa kulia ukikimbia kwa kasi ya saksafoni. Watu wawili, mpiga besi na mpiga kinanda, walikuwa ndani ya mwili mmoja. Besi na ala ya juu zikitoka katika kiwiliwili kimoja, hazipishani.

Mpango huo ulikuwa na faida ya mfukoni pia. Mwenye baa wa Philadelphia, Newark au Harlem hakuwa na fedha za bendi kubwa. Kinanda, gitaa au saksafoni, na dramu: watu watatu walitosha kuujaza ukumbi kwa kishindo cha watu wanane. Ndivyo watatu wa kinanda walivyoenea katika mitaa ya Weusi. Shirley Scott, Jack McDuff, Jimmy McGriff na wengine wengi walisimama kwenye majukwaa ambako hadhira ilitoa hukumu papo hapo. Mdundo ukilegea, watu walirudi kwenye viti na mwenye baa aliona.

Sikiliza "The Sermon", kilichorekodiwa mwaka 1958. Ni bluzi moja, umbo lilelile la hatua 12 likirudiwa kwa dakika 20. Art Blakey yuko kwenye dramu, Kenny Burrell kwenye gitaa, na wapulizaji Lee Morgan, Lou Donaldson na Tina Brooks wanapokezana. Mpango wake ni wa mahubiri kama jina linavyosema: anaanza taratibu, anarudia neno, anaongeza moto kidogo, anarudi nyuma, anaongeza tena. Kuwashika watu dakika 20 kwa hatua 12 ni kazi inayodai hesabu, kumbukumbu na subira. Wanamuziki wale walikuwa wakifikiri kwa kina, na walifikiri kwa namna ambayo mwili wa msikilizaji uliifuata.

Mbegu hiyo ilivuka bahari. Katika mtaa wa Wardour, eneo la Soho jijini London, kulikuwa na klabu ya chini ya ardhi iitwayo Flamingo. Mwisho wa juma ilikesha hadi alfajiri. Walioijaza walikuwa wanajeshi Weusi wa Kimarekani waliopangiwa kambi za Uingereza, wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, na vijana wa Kiingereza wapenda mavazi nadhifu na santuri za Marekani. Georgie Fame na bendi yake, Blue Flames, walikuwa wenyeji wa jukwaa hilo, Fame akipiga kinanda na kuimba. Speedy Acquaye, mzaliwa wa Ghana, alipiga konga. Mwaka 1964 ilitoka albamu iliyorekodiwa ukumbini humo, na Januari 1965 wimbo wao "Yeh Yeh" ukashika namba moja Uingereza. Nikiisikiliza albamu ile nasikia bendi iliyofundishwa na wachezaji wake. Hadhira kama ile haikudanganyika kwa urahisi. Wengi wao walikuwa wamekulia ndani ya muziki wenyewe.

Jirani yao alikuwa Graham Bond, mtu mzito wa mwili na wa sauti, aliyeweza kupiga saksafoni kwa mkono mmoja na kinanda kwa mwingine. Katika bendi yake walikuwamo Jack Bruce kwenye besi, Ginger Baker kwenye dramu na Dick Heckstall-Smith kwenye saksafoni. Albamu yao ya 1965, *The Sound of '65*, ina bluzi yenye mikwaruzo, jazi isiyoomba radhi, na mdundo wa kuangusha ukuta. Bruce na Baker waliondoka wakaunda Cream pamoja na Eric Clapton mwaka 1966, na dunia ikawakumbuka kwa hilo. Bond alifariki mwaka 1974 bila kupata sehemu ya sifa aliyostahili. Ninaposema wapigaji wa kinanda walidharauliwa, yeye ni wa kwanza ninayemfikiria.

Kisha Brian Auger. Alikuwa mpiga piano wa jazi aliyekwisha kujijengea jina London, mpaka aliposikia *Back at the Chicken Shack* ya Jimmy Smith na kukitafuta kinanda cha Hammond. Nia yake ilikuwa wazi: kuunganisha akili ya jazi na nguvu ya roki na soul. Wapo wapenzi wa jazi waliomwona kuwa amewasaliti. Wapenzi wa roki, nao, hawakuwa na uhakika wamweke rafu gani. Yeye aliendelea. Pamoja na mwimbaji Julie Driscoll na bendi ya Trinity, mwaka 1968 alipanda hadi nafasi ya tano nchini Uingereza kwa "This Wheel's on Fire", wimbo wa Bob Dylan na Rick Danko. Mwaka 1969 wakatoa *Streetnoise*, albamu ya santuri mbili ambamo kazi za Miles Davis, Nina Simone, The Doors, Laura Nyro na Richie Havens zinakaa meza moja na tungo zao wenyewe.

Anayetaka kuelewa neno langu lote na aanzie kwenye "Indian Rope Man" katika albamu hiyo. Ni wimbo wa Havens, lakini Trinity wameuchukua wakaufanya mwendo mmoja mrefu usiokata pumzi. Tofauti na watatu wa Jimmy Smith iko wazi: hapa besi ni gitaa la David Ambrose, kwa hiyo mkono wa kushoto wa Auger umepata uhuru. Anautumia kupachika sauti fupifupi kati ya mapigo ya dramu za Clive Thacker, huku mkono wa kulia ukizungumza jazi kamili, yenye sentensi ndefu na zamu za ghafla. Driscoll anaimba kana kwamba yeye pia ni kibonye cha kinanda kile. Ukitaka kukaa ukachambua, kuna vya kuchambua hadi usiku. Ukitaka kucheza, hakuna atakayekuzuia. Mambo hayo mawili yamo ndani ya sekunde zilezile.

Kilichowezesha hayo ni badiliko katika pigo lenyewe. Jazi ya zamani ya swing hugawa kila pigo kwa vipande visivyolingana, kirefu kisha kifupi, na ndiyo sababu besi yake husikika ikitembea. Roki na soul ziligawa pigo sawasawa, na dramu ndogo ikakazia la pili na la nne. Wapigaji wa kinanda walijifunza kukaa katikati: mkono mmoja umenyooka kama roki, mwingine bado unayumba kama swing. Nchini Marekani Lou Donaldson alilionyesha hilo mwaka 1967 katika *Alligator Bogaloo*, Lonnie Smith akiwa kwenye kinanda, George Benson kwenye gitaa, na Leo Morris wa New Orleans kwenye dramu. Mvutano kati ya kunyooka na kuyumba haukupoozwa, na ndio unaomfanya mtu ashindwe kukaa.

Naijua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Wenye kampuni za santuri waliona fedha, wakawasukuma wapigaji kurekodi nyimbo za chati kwa haraka, na nyingi zilikuwa dhaifu. Tena, baadhi ya kazi bora za kinanda zilitoka kwa watu waliouacha ukumbi wa dansi. *Unity* ya Larry Young, iliyorekodiwa mwaka 1965, inadai masikio yaliyotulia. Mwaka 1969 huyohuyo Young aliingia Lifetime, bendi ya mpiga dramu Tony Williams, pamoja na mpiga gitaa John McLaughlin aliyewahi kupita mikononi mwa Graham Bond. Albamu yao *Emergency!* ni moto mtupu, na sijui nani angeicheza.

Nakubali yote mawili. Lakini kazi dhaifu zimo katika kila aina ya muziki, pamoja na ule unaosikilizwa kwa tai shingoni. Ama Young na Williams, waliweza kuuvunja mdundo kwa sababu walikuwa wameushika kwanza. Young alilelewa na kinanda cha baa na bluzi kabla ya kuruka mbali. Uhuru wake ulikuwa na msingi, na msingi huo ulitoka kwa wachezaji.

Dharau kwa muziki unaochezeka ilikuwa na gharama. Shirika la taifa la sanaa la Marekani lilianza kutoa heshima ya Mabingwa wa Jazi mwaka 1982. Jimmy Smith, mtu aliyeibadili ala nzima, aliipata Januari 2005. Alifariki Februari mwaka huohuo. Kwa zaidi ya miaka 20 walipita wengine mbele yake, wengi wao wakistahili, huku yeye akihesabiwa kuwa fundi wa baa.

Katikati ya miaka ya 70 B-3 iliacha kutengenezwa, na sintesaiza nyepesi zikachukua nafasi. Muziki huu ungeweza kufia hapo. Waliouokoa hawakuwa maprofesa. Katika miaka ya 80, madijei wa Uingereza waliingia kwenye maduka ya santuri kuukuu, wakazifufua rekodi za Blue Note na za Auger, na kuzipiga kwa vijana waliotaka kucheza. Bendi mpya zikazaliwa, mojawapo ikiwa James Taylor Quartet iliyojengwa juu ya kinanda cha Hammond. Upande wa Marekani, Beastie Boys walichukua kipande cha "Root Down" ya Jimmy Smith wakakifanya msingi wa wimbo wao wa 1994. Wachezaji walilinda hazina ambayo wahakiki waliiacha vumbini. Uamuzi wao umethibitika kuwa sahihi, nao wanastahili kushukuriwa kwa uhakiki huo, maana uhakiki hasa ndio waliofanya.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kila sababu ya kulielewa hili upesi. Wakati Jimmy Smith akiwashika watu Harlem, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na NUTA Jazz walikuwa wakiwachezesha watu huku kwetu. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe liliwainua watu vitini, na maneno ya nyimbo zake yalijadiliwa kesho yake. Hakuna aliyeona ajabu mtu kucheza na kufikiri kwa wakati mmoja. Na tukitaka ushahidi wa bara zima, tumtazame Fela Kuti huko Lagos. Ginger Baker, yuleyule wa Graham Bond, alimfuata na mwaka 1971 wakatoa albamu pamoja. Fela alipiga kinanda na saksafoni mbele ya umati uliokuwa ukicheza usiku kucha, na serikali ya kijeshi ilimwogopa kwa yale aliyoyaimba kwa mdundo ule. Watawala hawaogopi muziki usio na akili.

Basi yapo mambo matatu ninayoyataka. Wanaofundisha muziki katika vyuo vyetu wampe mwanafunzi kazi ya kuchambua mdundo kwa uzito uleule anaopewa kuchambua upatanifu wa sauti: aeleze besi inaingia wapi, nani ananyamaza, sauti inaachiwa lini. Watangazaji wanaopiga muziki wa zamani, uwe wa kinanda au wa dansi letu, wataje majina ya wapigaji wote na si ya mwimbaji peke yake; tunamjua Al Jackson, na Donald Bailey aliyempigia dramu Jimmy Smith, kwa sababu majina yao yaliandikwa, na wapiga dramu wetu wengi wa miaka hiyo bado hawajaandikwa. Na sisi wasikilizaji tuache kuona haya kusema kwamba kazi fulani ni kubwa kwa kuwa inatuchezesha. Hiyo ni sababu kamili. Kuwaweka watu wasiofahamiana katika mwendo mmoja, kwa hiari yao na kwa furaha, ni kipimo ambacho nyimbo nyingi zinazosifiwa haziwezi kukifikia. Wapiga kinanda wa miaka ya 60 walikifikia usiku baada ya usiku, na tunapaswa kuwahesabu miongoni mwa wanamuziki wakubwa bila kuongeza neno "lakini".